Ile H ya Miguuni: Nani Mwenye Mkato wa Kiatu?

Kaskazi ikishashika, kati ya Desemba na Machi, keti nje ya mkahawa wowote kwenye barabara ya Lamu hapa Malindi uangalie miguu inayopita. Haichukui muda utaiona sandali ya ngozi, bapa, isiyo na kisigino wala bizimu, ambayo juu ya mguu ngozi yake imekatwa ikawa herufi H. Bibi wa Kitaliano kaivaa na gauni la kitani. Binti wa Shela kaivaa na buibui, na anajua vizuri kwamba inaonekana. Kwa jicho la haraka utasema wamenunua duka moja. Kumbe ya kwanza imetoka Hermès, kampuni ya mitindo ya kifahari ya Paris, kwa zaidi ya dola 600, na ya pili imetoka kwa fundi wa makubadhi kwa shilingi elfu moja na mia tano, ukijua kupatana.

Hapo ndipo ubishi wa barazani huanza. Mmoja atasema fundi ameiba. Mwenzake atamjibu kwamba H ni herufi tu, watoto wanafundishwa chekechea, haina mwenyewe, na isitoshe Wazungu ndio walioanza kuiga makubadhi yetu. Kila mmoja ana kipande cha ukweli. Tatizo ni kwamba kiatu kimoja hubeba haki kadhaa kwa mpigo, kila moja na mwenyewe wake, umri wake na nchi zinazoitambua, na sisi huzibishania kana kwamba ni kitu kimoja.

Tukitazame kwanza kiatu chenyewe, maana kinastahili. Kinaitwa Oran, jina la mji wa bandari wa Algeria. Alikibuni Mfaransa Pierre Hardy mwaka 1997, naye alikuwa ameanza kusimamia viatu vya Hermès tangu 1990. Inasimuliwa kwamba wazo lilitokana na michoro ya kuta za nyumba za Wandebele wa Afrika Kusini, ile yenye rangi kali na mistari iliyonyooka. Sandali nyingi hujengwa kwa mikanda: huu wa kidole, huu wa juu ya mguu, huu wa nyuma, na kila mkanda una mshono wake na mahali pake pa kukatikia. Oran haina habari hiyo. Ni kipande kimoja cha ngozi kinachovuka mguu, kikapunguzwa pande mbili, na kilichobaki ndicho H. Nembo haikubandikwa juu kwa shaba wala kuchapwa kwa dhahabu. Nembo ndiyo inayoushika mguu. Iondoe, umebaki na soli mkononi.

Mimi sina subira na vitu vinavyotangaza jina la mwenye duka, na begi lililojaa herufi za kampuni kwangu ni tangazo ambalo mbebaji amelilipia mwenyewe. Lakini hiki kiatu nakivulia kofia. Aliyekibuni alitatua mambo mawili kwa mkato mmoja.

Ukitaka kujua ugumu wake, inama uitazame H kwenye pembe za ndani, pale mistari inapokutana. Kila hatua unayopiga, mguu husukuma ngozi, na msukumo huo wote hukimbilia kwenye pembe hizo. Kisu kikikata kona kali, ngozi itaanza kupasuka hapo hapo, pengine hata kabla soli haijalika. Fundi mzoefu hapiti na kisu moja kwa moja. Hupiga kwanza tundu dogo la duara kwenye kona, halafu kisu kinafuata na kuishia kwenye tundu, ili mvuto utawanyike usikusanyike mahali pamoja. Anayekata kwa haraka ili amalize jozi kumi kabla ya adhuhuri huruka hatua hiyo. Basi ukinunua ya mtaani, usisumbuke na mng'ao wa ngozi. Peleka kidole kwenye kona.

Jambo la pili linalowachanganya watu ni hili la kukiita kiatu cha kiangazi. Kiangazi cha nani? Milan na Paris huonyesha mavazi ya wanawake ya kiangazi kila Septemba na Oktoba, wakati wenyewe wanaingia kwenye baridi, na viatu hufika madukani mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Julai, jua la kwao likiwa kali kabisa, Italia inaanza msimu wa punguzo. Katikati ya misimu hiyo kuna mkusanyiko mwingine, unaoonyeshwa karibu na Mei na kuingia madukani Novemba, ambao tangu mwanzo ulilengwa kwa matajiri wanaoikimbia baridi kwenda penye jua. Penye jua ndiyo huku. Kwa hiyo sandali unayoiona Malindi wakati wa Krismasi haijachelewa msimu wala haijatangulia. Ilitengenezwa kwa ajili ya likizo kama hii, na kwa kuwa Waitaliano wamekuwa wakija na kuhamia hapa kwa miongo kadhaa, sisi huona miguuni mwa wageni vitu ambavyo Nairobi wanaviona kwenye simu.

Sasa turudi kwenye ubishi.

Haki ya kwanza ni ya jina na alama. Jina Hermès ni alama ya biashara, na alama ya biashara husajiliwa kwa miaka kumi kumi, ikihuishwa bila kikomo. Hii ni haki isiyozeeka. Herufi H ya kwenye alfabeti kweli haina mwenyewe, lakini H inayomfanya mnunuzi akiona tu aseme "hiyo ni Hermès" imeacha kuwa herufi ya watoto wa chekechea. Sheria yetu ya 2008 dhidi ya bidhaa bandia inahesabu hata haki zilizopo nje ya Kenya, kwa hiyo aliyezoea kusema "hao wako mbali" asijitegemeze hapo. Waitaliano nao wanajua la kwao: nchini Italia anayenunua bandia hutozwa faini, kati ya euro 300 na 7,000 tangu sheria ilipokazwa mwishoni mwa 2023. Baadhi yao huko kwao wasingethubutu, lakini hapa ufukweni wanapatana bei kwa furaha.

Nilimuuliza fundi mmoja kwa nini asiikate ile ngozi umbo lake mwenyewe akaachana na H.

"Nimejaribu, dada yangu," akanijibu bila kuinua macho kwenye msharasi. "Wakaniuliza, na hii ndiyo nini tena?"

Jibu lake linaeleza uchumi wa alama. Ngozi ni ile ile, mkono ni ule ule, soli ya mpira wa tairi ni ile ile. Kilichomletea mteja ni H, na H ndiyo kitu pekee pale kibandani ambacho si chake.

Haki ya pili ni ya umbo, na hii ina mwisho. Ulaya, umbo lililosajiliwa hulindwa kwa miaka 25 tu, basi. Kenya ni mitano, ikihuishwa mara mbili, jumla 15. Kiatu cha 1997, hata kingesajiliwa siku kilipotoka, miaka 25 ilikwisha 2022. Ndiyo sababu madukani duniani kote kuna sandali bapa za kipande kimoja cha ngozi zenye matundu ya mviringo, ya mshazari, ya maua, na hakuna anayefukuzwa. Wazo la ngozi moja iliyopunguzwa ubavuni si mali ya mtu tena, kama liliwahi kuwa.

Ingekuwa rahisi tukiishia hapo, ila Ufaransa inakitazama kiatu kwa jicho lake. Kule mavazi na viatu vimetajwa ndani ya sheria ya hakimiliki, na umbo lenye ubunifu linaweza kulindwa maisha yote ya mbunifu na miaka 70 baada ya kufa kwake, sawa na riwaya. Vuka mto Rhine uingie Ujerumani, mambo yanageuka. Birkenstock, wale wa sandali za soli ya koki, lile gome jepesi la vizibo vya chupa, zinazopendwa na kuchekwa kwa wakati mmoja, waliwashtaki walioziiga wakidai sandali zao ni kazi ya sanaa. Februari 2025 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ikakataa: ustadi wa kutengeneza kitu kizuri na chenye manufaa hautoshi, lazima uonekane ubunifu wa kisanaa unaopita mahitaji ya ufundi. Mimi nadhani majaji walisema kweli. Sandali ya Birkenstock ina umbo lile kwa sababu mguu una umbo lile.

Halafu kuna kesi ya rangi, ambayo wengi wanaijua nusu. Christian Louboutin, mbunifu wa viatu wa Ufaransa, alifungua duka lake Paris mwaka 1991, na muda mfupi baadaye, akiwa hajaridhika na kiatu cha majaribio, alichukua rangi ya kucha ya msaidizi wake akapaka soli nyekundu. Miaka ishirini baadaye alikuwa mahakamani New York akiwakabili Yves Saint Laurent, kampuni nyingine ya mitindo ya Paris, waliotoa kiatu chekundu kuanzia juu hadi chini. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa iliwapa wote wawili kitu. Soli nyekundu ni alama ya Louboutin, ikasema, lakini pale tu sehemu ya juu inapokuwa na rangi nyingine. Kiatu chekundu chote kila mtu aweza kukitengeneza. Ulaya nako Van Haren, wauza viatu wa Uholanzi, walijitetea kwamba soli ni umbo na umbo haliwezi kuwa alama namna hiyo. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaukataa utetezi huo: kinacholindwa ni rangi iliyowekwa mahali maalumu, umbo la soli lenyewe halimo.

Kinachonivutia katika hukumu ya New York ni kwamba majaji hawakumpa mtu rangi nyekundu. Walimpa tofauti: wekundu wa chini dhidi ya rangi nyingine ya juu. Wanaouza viatu vya harusi mjini wakipaka soli nyekundu kwa rangi ya dawa hudhani wanapamba. Wanachokopi ndicho hasa kilicholindwa.

Haki ya tatu ni ya uvumbuzi, yaani hataza, na mfano wake mzuri unapita karibu sana na kwetu. Salvatore Ferragamo alizaliwa 1898 katika kijiji cha Bonito, kusini mwa Italia, akahamia Marekani akiwa kijana, akawashonea viatu nyota wa filamu, kisha 1927 akarudi akaanzisha karakana Florence. Viatu vya kisigino kirefu huhitaji kipande cha chuma kati ya kisigino na unyayo wa mbele, la sivyo uwazi ule huporomoka. Mwaka 1935 Italia iliivamia Ethiopia, Shirikisho la Mataifa la wakati ule likaiwekea vikwazo, na chuma kizuri kikawa adimu. Ferragamo akaujaza ule uwazi kwa koki ya Sardinia, kipande juu ya kipande, akaupunguza kwa kisu mpaka kisigino na soli vikawa kitu kimoja. Hiyo ndiyo wejisi. Mwaka 1938 akamtengenezea Judy Garland, nyota wa filamu wa Marekani, sandali nene ya tabaka za rangi za upinde wa mvua, ambayo hata leo ukimwonyesha bibi harusi atauliza bei.

Kwa hiyo kiatu ambacho shangazi zetu hukipenda kwa kuwa hakizami mchangani na hakichoshi harusi ya siku tatu kilizaliwa kwa sababu ya vita vya jirani yetu, na vita vya Italia baadaye vilitufikia na sisi: mwaka 1940 ndege za Italia ziliupiga Malindi mabomu. Leo Mtaliano na Mmalindi wanapigana vikumbo dukani wakigombea wejisi. Ferragamo alichukua hataza kwa wejisi na mamia mengine kwa mambo mbalimbali, zikiwemo sandali zake za 1947 ambazo sehemu ya juu ni nyuzi za nailoni tu, wazo alilolipata, kwa mujibu wa simulizi yake, kwa wavuvi na mishipi yao. Lakini hataza hufa mapema. Siku hizi ni miaka 20. Baada ya hapo uvumbuzi ni wa kila mwenye kisu na koki, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Na bei? Wengi hudhani dola 600 ni ngozi. Ngozi nzuri ya ndama ni ghali, na mikono ya mafundi wa Italia haichezi. Maeneo kama Riviera del Brenta karibu na Venice na Vigevano karibu na Milan yameishi kwa viatu kwa vizazi. Ila ndani ya bei kuna kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Italia ni asilimia 22, kuna kodi ya pango la mtaa wa kifahari, matangazo, bidhaa zitakazobaki bila kununuliwa, na faida. Juni 2024 mahakama ya Milan iliiweka kampuni moja ya Dior ya kutengeneza bidhaa chini ya msimamizi kwa kutowachunguza wakandarasi wadogo waliowanyonya wafanyakazi, na nyaraka zikaonyesha mkoba uliouzwa dukani euro 2,600 ulilipiwa euro 53 za kazi, bila ngozi. Usimamizi huo uliondolewa mwanzoni mwa 2025. Huo ni mkoba, si kiatu, na Dior si Hermès, kwa hiyo tusimpake kila mtu tope. Bado unatosha kuonyesha kwamba neno "Italia" kwenye soli halikuambii fundi alilipwa nini.

Limebaki dai la pili la barazani, kwamba wao ndio walioanza kuiga. Juni 2025, kwenye maonyesho ya mavazi ya wanaume Milan, Prada, kampuni ya mitindo ya Italia, walipitisha jukwaani sandali za ngozi zilizofanana mno na champali za Kolhapur za India, wakaziita sandali za ngozi tu. India ikawaka. Champali hizo zina ulinzi wa jina la asili tangu 2019, kwa ajili ya mafundi wa wilaya kadhaa za Maharashtra na Karnataka. Watu walidhani Prada wamevunja sheria. Lakini ulinzi wa aina hiyo hushika jina, haushiki sura. Ungewanasa kama wangeziita Kolhapuri. Kwa kutotaja asili walikwepa sheria, wakaingia kwenye aibu. Aibu ilifanya kazi haraka kuliko mahakama: walikiri zilikotoka, na Desemba 2025 wakatangaza kutengeneza na mafundi wa huko jozi 2,000 za kuuzwa karibu euro 800 kila moja.

Ukiweka champali ya Kolhapur karibu na kubadhi la Lamu utaona undugu, na si ajabu, majahazi yalikuwa yakienda na kurudi karne nyingi. Kwa hiyo nani alimwiga nani kati ya Lamu, Gujarati, Uarabuni na Paris ni swali nisilolipotezea muda. Lenye maana ni kama kubadhi letu linaweza kuchukuliwa. Kwa upande wa umbo, hapana, na sababu yake inafurahisha: kusajili umbo lazima liwe jipya, na kubadhi ni la zamani mno. Fundi wa Lamu hawezi kulisajili, wala Mfaransa hawezi. Kwa upande wa jina, hatari ipo. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara. Iliachana na ombi baada ya kupingwa, lakini kama hakuna ambaye angestuka, mfumaji wa Kenya angeshindwa kuuza kikoi Uingereza kwa jina la kikoi.

Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za utamaduni mwaka 2016, na kazi ya kuyaandikisha ikapewa serikali za kaunti. Nzuri kwenye karatasi. Njia iliyo karibu zaidi na kibanda cha fundi ni alama ya pamoja, ambayo chama husajili na wanachama wake pekee huitumia, kama walivyofanya akina mama wa vikapu vya Taita. Makubadhi ya Lamu na Malindi yangeweza kupigwa mhuri kama huo, na fundi yule angekuwa na kitu cha kumwonyesha mteja mahali pa H. Ila alama ya pamoja huja na masharti ya pamoja. Kabla ya kuchora nembo yoyote, lazima mafundi wakubaliane ngozi gani inafaa, mshono upi haukubaliki, na kama soli ya tairi ni halali au la. Kwa ninavyowajua watu wa Lamu na Malindi, suala la soli peke yake ni kahawa ya miezi sita.